Safu Kumi na Moja za Mtumiaji

Ukijenga tovuti kwa Django, kiunzi kilichoandikwa kwa lugha ya Python, na kuacha mipangilio yake kama ilivyokuja, kanzidata yako itapata jedwali liitwalo auth_user ambalo hukuliunda wewe. Lina safu kumi na moja: namba ya mstari, nenosiri, mara ya mwisho kuingia, alama ya msimamizi mkuu, jina la mtumiaji, jina la kwanza, jina la mwisho, baruapepe, alama ya mfanyakazi, alama ya akaunti kuwa hai, na tarehe ya kujiunga. Mengi ya majedwali utakayoyaongeza baadaye yataelekea kwake, kwa sababu kila agizo lina aliyeliweka, kila makala ina mwandishi na kila malipo yana aliyeyapokea. Ni mhimili ambao nyumba nzima imeegemezwa juu yake, na mhimili haung'olewi watu wakiwa ndani. Hoja yangu ni kwamba jedwali hili lilibebeshwa maswali mawili yasiyostahili kukaa chumba kimoja. La kwanza ni la mlangoni: anayebisha hodi ni yule yule aliyekuja jana? La pili ni la sebuleni: mgeni huyu anaitwaje, ni mtu wa namna gani, tumweke wapi? Historia ya zaidi ya miaka ishirini inaonyesha kwamba sehemu iliyojibu swali la mlangoni imezeeka vizuri, na sehemu iliyojaribu kujibu la sebuleni ndiyo iliyoleta karibu magomvi yote.

Kuchanganya huku ni kwa zamani kuliko tovuti zenyewe. Mfumo wa Unix, uliozaliwa katika maabara za Bell, Marekani, uliweka habari za watumiaji wake katika faili moja liitwalo passwd. Kila mtumiaji alipata mstari wake, uliogawanywa kwa alama ya nukta mbili: jina la kuingilia, nenosiri lililofichwa, namba yake, namba ya kundi lake, saraka yake na programu ya kumpokea akishaingia. Katikati palikuwa na sehemu moja zaidi iliyoitwa GECOS, jina la mfumo wa kompyuta za General Electric. Maabara hizo zilipeleka kazi za uchapaji kwenye kompyuta ya aina hiyo, na sehemu hiyo ilibeba habari za akaunti ya mtu huko. Kompyuta ile ilistaafu. Sehemu yake haikustaafu. Watu walianza kuandika humo majina yao kamili, namba za ofisi na namba za simu, na mpaka leo kila mashine ya Linux ina nafasi hiyo yenye jina la kifaa ambacho wengi wa wanaoitumia hawajawahi kukiona. Tena, kwa kuwa programu nyingi zilihitaji kusoma faili hilo ili kujua majina, lililazimika kusomwa na kila mtu, manenosiri yakiwemo. Ndipo katika miaka ya 1980 manenosiri yakaanza kuhamishiwa faili la pembeni, lililofungwa, liitwalo shadow. Maswali yale mawili yalitenganishwa kwa nguvu baada ya madhara kuonekana.

Django yenyewe ilizaliwa katika chumba cha habari. Mwaka 2003, katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza tovuti za gazeti la Lawrence Journal-World, kazi ambayo ukurasa mpya uliweza kuhitajika kabla jua halijazama. Jacob Kaplan-Moss alijiunga nao baadaye. Julai 2005 kiunzi chao kilitolewa kama programu huria, kikiwa na jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Kilichowavutia wengi mapema ni sehemu ya usimamizi iliyojitengeneza yenyewe: ukishaeleza majedwali yako, unapata papo hapo kurasa za kuingiza na kuhariri habari. Kurasa hizo zinahitaji mlinzi, na mlinzi anahitaji orodha. Alama ya mfanyakazi, is_staff, mpaka leo ina maana moja tu katika Django: huyu anaruhusiwa kuingia katika usimamizi. Kwa gazeti la mji mmoja jambo hilo linaeleweka bila maelezo, kwa kuwa kuna wahariri waliomo ndani na kuna umma ulio nje. Jina la kwanza na la mwisho nayo yanaeleweka, maana ndivyo jina la mwandishi linavyochapwa juu ya habari.

Siwalaumu walioandika safu hizo. Walikuwa wakitatua tatizo la jirani yao, na walilitatua vizuri. Tatizo lilianza pale jedwali la jirani lilipogeuka kuwa jedwali la dunia. Safu za majina zilikuwa na nafasi ya herufi 30 kila moja, na zilichukulia kwamba mtu ana jina lake na jina la familia, basi. Mtu wa Pwani aitwaye Salim bin Hamad bin Rashid ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo la mwisho kwa maana ya Kansas, na mwanawe hatalibeba jina la Rashid kama ukoo. Fomu za Tanzania zimezoea kuuliza majina matatu, na jedwali lile lina nafasi mbili. Rwanda na Burundi, kwa desturi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hivyo ndugu wa baba na mama mmoja huweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo, na kuwauliza jina la familia ni kuuliza kitu ambacho mila haikukiunda. Mwaka 2010 Patrick McKenzie, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Japani, aliandika orodha ya mambo 40 ambayo waandishi wa programu huyaamini kuhusu majina ya watu na ambayo si kweli. Orodha hiyo ilienea sana, na nadhani sababu yake ni rahisi: kila msomaji alikuta ndani yake kosa ambalo msimbo wake mwenyewe ulikuwa umelifanya.

Kuna anayepinga hapa kwamba safu za majina katika Django hazikuwa za lazima. Uliweza kuziacha tupu. Ni kweli, lakini safu tupu katika jedwali la pamoja haikai kimya. Django ina njia ya kupata jina kamili inayochukua jina la kwanza, ikaongeza nafasi, kisha jina la mwisho. Kurasa za usimamizi zinazionyesha safu zote mbili. Moduli zilizoandikwa na watu wengine zinaziuliza. Anayeacha jina la mwisho likiwa tupu anaonekana kama aliyejaza fomu nusu, na anayelazimika kulijaza ataandika nukta, au atarudia jina la kwanza. Jedwali halimkatazi, linamfundisha kusema uongo mdogo.

La kushangaza ni kwamba uwezo wa kubadilisha jedwali hili ulikuwepo mwanzoni. Matoleo ya awali ya Django yalikuwa na kipengele kilichoitwa replaces_module, ambacho kiliruhusu modeli yako, yaani maelezo ya jedwali yaliyoandikwa kwa Python, kukaa mahali pa modeli iliyokuja na kiunzi, ile ya mtumiaji ikiwemo. Kisha ikaja kazi kubwa ya mwaka 2006 iliyoitwa kuondoa mazingaombwe. Msimbo wa awali ulikuwa ukihamisha moduli kichinichini na kubuni majina ambayo mwandishi hakuyaandika, na waanzilishi waliamua kwamba programu inapaswa kusomeka kama Python ya kawaida. Toleo la 0.95 la Julai 2006 likatoka likiwa safi zaidi, likiwa halina tena mlango ule wa kubadilishia. Naona uamuzi ulikuwa sahihi, na naona gharama yake ilikuwa kubwa. Mwishoni mwa mwaka huo huo ilifunguliwa tiketi namba 3011 katika orodha ya maombi ya mradi, ikiomba modeli ya mtumiaji iweze kupanuliwa. Ilikuja kujibiwa Septemba 2012.

Katika kungoja huko watu walipewa wasifu badala yake. Mpangilio ulioitwa AUTH_PROFILE_MODULE uliitaja modeli ya pili, yako mwenyewe, iliyofungwa kwa mtumiaji mmoja mmoja, na get_profile() ikaileta. Kwa sura ya nje, huu ndio utengano ninaoutetea: mlango upande huu, sebule upande ule. Basi kwa nini haukutosha? Kwa sababu ulihamisha vitu visivyohitaji kuhama na ukaacha pale pale vile vilivyohitaji. Jina la kwanza na la mwisho yalibaki katika jedwali la mlango, na lebo ya kuingilia, yaani jina la mtumiaji la herufi zisizozidi 30, haikuguswa. Aliyetaka watu wake waingie kwa baruapepe hakusaidiwa na wasifu hata kidogo. Isitoshe, tovuti moja iliruhusiwa wasifu wa aina moja tu, kuupata kulikuwa safari nyingine kwenye kanzidata, na mtumiaji aliyesajiliwa bila wasifu kuundwa alisababisha kosa mara ukurasa ulipomwita. Mpangilio huo ulianza kuondolewa katika toleo la 1.5 na ukaisha kabisa katika 1.7.

Habari ya baruapepe inastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyowasukuma watu wengi zaidi. Kufikia miaka ya mwisho ya muongo wa 2000, tovuti nyingi ziliacha kumwomba mgeni abuni jina. Zilimwomba anwani yake na nenosiri. Django ilikuwa na njia halali ya nusu: ungeweza kuandika kithibitishaji chako kinachomtafuta mtu kwa baruapepe. Lakini safu ya jina la mtumiaji iliendelea kudai kujazwa, na kujazwa na kitu kisichofanana na cha mwingine. Wengine waliisaga anwani kwa hashi, kanuni inayogeuza maandishi kuwa msururu wa herufi usiorudishika, na kukata herufi 30 za kwanza. Wengine walizalisha majina ya bahati nasibu ambayo hakuna binadamu angeyatumia. Toleo la 1.2 la mwaka 2010 liliruhusu alama ya @ na nyinginezo ndani ya jina la mtumiaji, msaada mzuri kwa wenye anwani fupi. Wengine walikwenda mbali zaidi: programu ilipokuwa ikiwaka walinyoosha mkono ndani ya modeli ya Django na kuongeza urefu wa safu, wakiomba isitokee moduli nyingine yenye mpango huo huo. Wakati huohuo, safu ya baruapepe yenyewe haikuwa na sharti la upekee. Watu wawili wangeweza kuwa na anwani moja, na mfumo usingesema neno.

Mtu anayesoma leo atauliza kwa nini hawakuongeza tu hiyo 30 ifike 254. Jibu liko katika jambo ambalo ni rahisi kulisahau: kabla ya toleo la 1.7 la Septemba 2014, Django haikujua kubadilisha jedwali lililokwisha kuundwa. Amri ya syncdb iliunda majedwali yasiyokuwepo na kuyapita yaliyopo. Kama toleo jipya lingesema jina la mtumiaji lina herufi 254, tovuti zote za zamani zingebaki na majedwali ya herufi 30 huku msimbo ukiamini vingine, na tofauti hiyo ingejulikana siku mtu mwenye jina refu angejisajili. Ilikuwepo programu ya pembeni iitwayo South, ya Andrew Godwin, iliyofanya kazi ya kuhamisha majedwali hatua kwa hatua, lakini kiunzi hakingeweza kumlazimisha kila mtu aitumie. Kwa hiyo tarakimu iliyochaguliwa kwa ajili ya Kansas ilikuwa imeganda katika maelfu ya kanzidata ambazo waandishi wa Django hawakuwa na mkono wa kuzifikia.

Hapo ndipo linakuja pingamizi lenye nguvu kuliko mengine yote, na silipuuzi. Linasema kwamba ugumu wa jedwali hili ulikuwa ndio manufaa yake. Kwa kuwa kila tovuti ya Django ilikuwa na User yule yule, mtu wa Lawrence aliweza kuandika moduli ya maoni, mwingine wa Berlin akaandika ya malipo, wa tatu akaziunganisha katika tovuti yake bila hao watatu kuwahi kuzungumza. Kila mmoja alijua kwamba mtumiaji ana baruapepe na ana jina. Ukimruhusu kila mtu awe na mtumiaji wake, unavunja soko hilo la kubadilishana. Hoja hii ndiyo iliyoichelewesha tiketi 3011, na waliokuwa nayo hawakuwa wakaidi. Walikuwa wakilinda kitu cha pamoja. Jibu langu ni kwamba tukiangalia moduli hizo zilihitaji nini hasa, nyingi zilihitaji mahali pa kuelekezea rejeo tu. Moduli ya maoni inataka kujua kwamba maoni haya na yale ni ya mtu mmoja. Haihitaji kujua ukoo wake. Ilipohitaji kuandika jina juu ya maoni, ilitosha kumuuliza mtumiaji ajitaje, na kumwachia mwenye tovuti aamue jibu. Kilichopaswa kuwa cha pamoja kilikuwa rejeo na swali moja au mawili. Kilichofanywa cha pamoja kilikuwa safu kumi na moja.

Mwaka 2012 Russell Keith-Magee, mwandishi wa Django kutoka Australia, alikusanya mapendekezo yaliyokuwa yametawanyika kwa miaka, akaeleza faida na hasara za kila moja, kisha akaandika suluhisho lililoingizwa katika msimbo mkuu Septemba mwaka huo. Toleo la 1.5 lilitoka Februari 2013. Mpangilio mmoja, AUTH_USER_MODEL, unaitaja modeli ya mtumiaji kwa maandishi: jina la moduli, nukta, jina la modeli. Asiyeuandika anapata auth.User kama zamani. Moduli za watu wengine hazimtaji tena User kwa jina lake. Zinaelekeza rejeo kwenye mpangilio huo, au zinaita get_user_model() zinapomhitaji. Ndani yake kuna kipengele kiitwacho swappable ambacho waandishi waliacha kwa makusudi kukieleza katika nyaraka, wasije watu wakaanza kubadilishabadilisha kila modeli. Uangalifu huo naupenda. Walifungua mlango mmoja na hawakubomoa ukuta.

Lakini jambo linalonigusa zaidi katika toleo la 1.5 ni vipande viwili vya msingi vilivyotolewa kwa ajili ya kujengea. Cha kwanza, AbstractUser, kina karibu kila kitu cha jedwali la zamani, nawe unaongeza lako. Cha pili, AbstractBaseUser, kinajibu swali hili: ukimvua mtumiaji kila kisicho cha lazima, kinabaki nini? Zinabaki safu mbili, nenosiri na mara ya mwisho kuingia. Lebo ya kuingilia unaichagua mwenyewe na kuitaja kwa USERNAME_FIELD. Ruhusa na alama ya msimamizi mkuu zimewekwa katika kipande kingine, PermissionsMixin, kwa anayezitaka. Njia za kupata jina kamili na jina fupi ziliachwa kwa mwenye tovuti aziandike apendavyo, na kuanzia toleo la 2.0 la Desemba 2017 hata yeye halazimiki. Waandishi wa Django, walipokaa chini baada ya miaka sita ya ubishi kutafuta kiini cha mtumiaji, walifika kwenye swali la mlangoni na wakasimama hapo.

Mifumo mingine ilipita njia zake ikafika karibu na hapo hapo. Microsoft, mwaka 2005, ilitoa ASP.NET 2.0 pamoja na mfumo wa Membership, wenye majedwali yaliyopangwa tayari ambamo mlikuwa na safu ya swali la siri na jibu lake, na wasifu wa mtu ulishindiliwa kama maandishi marefu katika safu chache ambazo kuzitafuta ndani yake ilikuwa adha. Mwaka 2013, mwaka ule ule wa Django 1.5, ukaja ASP.NET Identity, ambao mwandishi wa tovuti anaongeza safu zake katika darasa la mtumiaji lililo lake. Ruby on Rails kwa muda mrefu haikuleta mtumiaji yeyote. Pengo hilo lilizibwa kuanzia 2009 na Devise, kazi ya kampuni ya Plataformatec ya Brazil. Rails 8 ya mwaka 2024 ilipoamua hatimaye kuwa na amri ya kuzalisha uthibitishaji, mtumiaji iliyemwandika ndani ya mradi wako alikuja na baruapepe na muhtasari wa nenosiri. Hana jina.

Turudi kwenye safu ya nenosiri, kwa maana ndani yake mna ushahidi ambao watetezi wa jedwali la zamani hawautaji mara nyingi. Katika toleo la kwanza safu hiyo iliitwa password_md5, jina lililofunga ndani yake namna ya kusaga nenosiri. Mwishoni mwa 2005 jina hilo liliondolewa. Safu ikaitwa password tu, na ndani yake likaandikwa jina la kanuni iliyotumika, chumvi yake (herufi za nasibu zinazochanganywa na nenosiri), kisha hashi, vikitenganishwa kwa alama ya dola. Wenye tovuti walipewa amri za kuandika kwa mkono katika kanzidata zao. Tangu siku hiyo safu ile imepita mapinduzi yote bila kelele. Ilitoka SHA-1 ikaingia PBKDF2 katika toleo la 1.4 la mwaka 2012, kwa mizunguko 10,000. Katika toleo la 4.2 mizunguko ilikuwa 600,000, na katika 5.2 ikafika 1,000,000. Mtu akiingia kwa nenosiri sahihi, mfumo unaona kwamba hashi yake ni ya kizamani na kuisaga upya hapo hapo. Hakuna aliyefunga tovuti usiku kwa ajili ya hilo. Safu zinazoeleza mtu zilikuwa na safari nyingine kabisa. Baruapepe ilitoka herufi 75 ikafika 254 katika toleo la 1.8 la 2015. Jina la mtumiaji lilitoka 30 likafika 150 katika 1.10 la 2016, na nyaraka zikaonya kwamba MySQL yenye herufi za utf8mb4 kwa kawaida haiwezi kulinda upekee zaidi ya herufi 191. Jina la mwisho lilifika 150 katika toleo la 2.0. Jina la kwanza lilisubiri toleo la 3.1 la 2020. Kila hatua ilikuwa mabadiliko ya jedwali katika kila tovuti inayosasishwa, na kila moja iliongeza nafasi bila kugusa dhana ya kwamba majina ni mawili.

Uhuru wa 1.5 ulikuja na bei, nayo bado inalipwa. Mpangilio wa AUTH_USER_MODEL unapaswa kuamuliwa kabla ya jedwali la kwanza kuundwa, kwa sababu majedwali mengine yataelekeza rejeo zao huko na hatua za uhamishaji zitaandika utegemezi huo katika historia yao. Ina maana kwamba uamuzi mzito kuliko yote unafanywa siku ambayo mwenye tovuti anawajua watumiaji wake kidogo kuliko siku nyingine yoyote. Nyaraka za Django zilikuja kushauri waziwazi kwamba mradi mpya uanze na modeli yake ya mtumiaji, hata kama haina kitu cha ziada. Wapo wanaoona ushauri huo ni kinyume cha busara ya kutojenga kisichohitajika bado. Katika sehemu nyingine za programu nakubaliana nao kabisa. Hapa, kuandika darasa tupu linalorithi AbstractUser ni mistari miwili, na kuliongeza miaka mitatu baadaye ni wiki za kazi zenye hatari ya kupoteza rejeo za malipo ya watu. Busara ile inategemea kwamba kuongeza baadaye ni rahisi; pale isipokuwa rahisi, haina nguvu.

Pingamizi la mwisho ni la wale wanaosema kwamba tatizo lilikuwa kuchagua lebo isiyofaa, na kwamba tukiweka baruapepe au namba ya simu mahali pa jina la mtumiaji, mambo yatatulia. Afrika Mashariki hoja ya simu ina uzito wa pekee. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, namba ya simu imekuwa kitambulisho ambacho watu wanakijua kwa moyo, na tovuti inayomlazimisha mteja wa Mwanza au Kisumu awe na baruapepe inamfukuza mlangoni. Kuifanya namba kuwa lebo ya kuingilia ni matumizi mazuri ya uhuru wa 1.5. Ila namba isiyotumika kwa muda mrefu hugawiwa mtu mwingine, na mtu wa laini mbili anabadilisha anayoipenda. Baruapepe nayo ina mitego. Desemba 2019 Django ilitoa marekebisho ya usalama yaliyopewa namba CVE-2019-19844: fomu ya kuweka upya nenosiri ilitafuta anwani bila kujali herufi kubwa na ndogo, na baadhi ya herufi za Unicode zikibadilishwa hivyo hufanana na nyingine, kwa hiyo mshambulizi aliweza kuandika anwani yake yenye herufi ya aina hiyo na kupokea kiungo cha akaunti ya mwenzake. Hakuna lebo iliyo mtu. Jedwali linaloweza kustahimili haya ni lile ambalo lebo ndani yake inaweza kubadilishwa kesho huku namba ya mstari, isiyo na maana yoyote kwa binadamu, ikiendelea kubeba rejeo zote.

Novemba 2023 watumiaji wa Django barani walikutana Zanzibar kwa mkutano wa DjangoCon Africa, katika visiwa ambako jina la mtu bado linasimulia baba na babu. Aliyeanzisha mradi mpya wiki hiyo bila kugusa mipangilio alipata auth_user yenye safu kumi na moja, sawa na wengine wote. Kwa waliokwisha kuchelewa ipo tiketi namba 25313, iliyofunguliwa mwaka 2015, inayoomba nyaraka zieleze namna ya kuhama kutoka mtumiaji wa kiunzi kwenda mtumiaji wako. Njia inayojulikana ni ya hila: unaandika modeli yako inayofanana na ya zamani safu kwa safu, unaiambia itumie jedwali lile lile, unafuta historia ya uhamishaji na kuidanganya kanzidata kwamba hatua mpya zilikwisha kutekelezwa. Baada ya hapo modeli ni yako, unaweza kuongeza namba ya simu na kuandika jina kamili katika safu moja ndefu. Jedwali linabaki likiitwa auth_user, na katika mengi ya majedwali hayo safu ya jina la mwisho bado ipo, tupu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho.